Sikio Lisilobisha Hodi

Miongoni mwa Waswahili wa pwani, na miongoni mwetu sisi Wabukusu wa bara pia, nyumba ya mtu haiingiwi ovyo. Mgeni husimama mlangoni akabisha hodi, kisha akangoja. Asipojibiwa hurudia, na asipoitikiwa mara ya tatu hujiendea zake, hata kama amesikia sauti za watu ndani. Desturi hiyo ndogo imebeba sheria kubwa: kwamba mwenye nyumba ndiye anayeamua ni nani atakayeona yaliyomo na kusikia yanayosemwa, na kwamba mgeni, hata awe na cheo gani, hana budi kuomba ruhusa.

Nimeona vyema kuizungumzia desturi hiyo leo kwa kuwa yuko mgeni aliyeingia majumbani mwetu bila kuitimiza. Mgeni huyo hali, hanywi, wala hahitaji kitanda. Hukaa mezani au mfukoni, kimya, akingoja kusikia jina lake. Wataalamu humwita msaidizi wa sauti. Ukimwita hukuitika; ukimwuliza hali ya hewa hukueleza; ukimwagiza ampigie simu mjomba wako humpigia. Kampuni ya Apple ilimtoa wa kwake, aitwaye Siri, mwaka 2011. Amazon ikafuata mwaka 2014 na Alexa, aliyetiwa ndani ya spika ya kuwekwa sebuleni, na Google ikatoa wake mwaka 2016. Jina la huyo wa kwanza, kwa bahati ya ajabu, katika Kiswahili chetu ni neno linalotaja jambo lisilopasa kujulikana na kila mtu. Laiti jina lingekuwa dhamana!

Je, yanatuhusu?

Yamkini yuko msomaji atakayesema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba sisi wa mashambani tuna ya kwetu ya kutushughulisha. Lugulu ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Unajulikana kwa soko lake, kwa hospitali ya misheni ya Marafiki, na kwa shule ya wasichana iliyoelimisha mabinti kutoka pembe nyingi za nchi. Ni kweli kwamba spika hizo zinazozungumza ni adimu hapa.

Lakini msaidizi wa sauti hahitaji spika. Huja ndani ya simu za kisasa akiwa amekwisha kuwekwa na watengenezaji, na simu hizo zimeenea kote: kwa mwalimu, kwa mwendesha bodaboda, kwa mama auzaye ndizi, na kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa aazimaye ya mzazi wake jioni. Wala lugha si kizuizi tena. Tangu Agosti 2017 Google imeziwezesha simu kuandika maneno yanayotamkwa kwa Kiswahili, cha Kenya na cha Tanzania. Na hata spika zenyewe zimeanza kufika, zikiletwa na watoto wetu walio ng'ambo kama zilivyoletwa redio na saa za mkono zamani.

Wakati wa likizo moja nilimtembelea rafiki yangu, mwalimu, ambaye bintiye anaishi nje ya nchi. Tulikuwa tukizungumza juu ya mwanafunzi mmoja aliyebadilika ghafla darasani. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kulitaja jina la mtoto huyo, na ameanza kunieleza shida iliyokuwa nyumbani kwao, mara kikopo cheusi kilichokuwa juu ya kabati ya vyombo kikawaka taa, kikasema kwa Kiingereza kwamba hakikuelewa swali. Hakuna aliyekuwa amekiuliza kitu.

"Mwalimu, nani huyo?" nikauliza.

"Ni zawadi ya binti," akanijibu huku akicheka. "Hutueleza saa na kutupigia nyimbo. Siku nyingine hujisemea tu."

Tulicheka sote wawili. Lakini swali lililonijia baadaye halikuwa la kuchekesha. Rafiki yangu alikipokea kifaa kile kwa hiari yake. Mimi niliketi nacho chumba kimoja bila kujua. Na yule mtoto aliyetajwa, ambaye wakati huo pengine alikuwa akichota maji kwao, ni nani aliyemwomba ruhusa?

Jinsi kinavyosikia

Kabla ya kulijibu swali hilo yatupasa kwanza kuelewa jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi, maana juu ya jambo hili uvumi umezidi ukweli.

Kifaa cha aina hii huwa macho wakati wote, kikilisubiri jina lake. Sauti za chumbani hupita ndani yake, hushikwa kwa muda mfupi sana, hulinganishwa na jina hilo, kisha hufutwa. Kinapodhani kwamba kimeitwa, hapo ndipo huanza kurekodi. Aghalabu rekodi hiyo husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni, ambazo huenda ziko bara jingine, na huko maneno hugeuzwa maandishi, jibu likatafutwa na kurudishwa kwa kufumba na kufumbua. Jibu hilo likiisha kutolewa, rekodi yaweza kubaki huko huko kwa muda mrefu, kutegemea kampuni na mipangilio iliyochaguliwa.

Neno la kuzingatia hapo ni "kinapodhani". Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern cha Marekani na wa Imperial College cha London waliziweka spika kadhaa mbele ya vipindi vya televisheni kwa muda wa saa 125. Hakuna aliyeziita, lakini ziliamka zenyewe mara kwa mara, nyingine hadi mara 19 kwa siku. Watafiti hao hao hawakupata ushahidi kwamba zinarekodi mfululizo usiku na mchana. Haki yatutaka tuyaseme yote mawili.

Kadhalika, wanafunzi wengi wameniambia kwamba simu husikiliza mazungumzo yao ili iwaletee matangazo ya biashara. Hilo nalo lilichunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Northeastern walizipima programu zaidi ya 17,000 za simu, na hawakukuta hata moja iliyokuwa ikirekodi sauti kwa siri na kuipeleka kwingine; walichokikuta ni kwamba baadhi yake zilichukua picha za kilichokuwa kwenye kioo cha simu. Tangazo la viatu hukufuata si kwa sababu simu ilikusikia ukivitaja, bali kwa sababu inajua ulikokwenda, ulichokitafuta jana, na watu ulio karibu nao. Namwomba mwanafunzi alishike jambo hili vizuri, maana mtu anayeogopa hatari isiyokuwapo hukosa kuiona iliyopo.

Masikio ya binadamu

Hatari iliyopo ni ipi basi? Kwanza, kinachopokea sauti si mashine peke yake. Mashine hujifunza kwa kusahihishwa, na anayeisahihisha ni binadamu.

Mnamo Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg lilifichua kwamba Amazon ilikuwa na wafanyakazi katika nchi mbalimbali waliosikiliza rekodi za Alexa ili kuinoa. Julai mwaka huo shirika la utangazaji la VRT la Ubelgiji lilipata rekodi zaidi ya 1,000 za wateja wa Google, nazo 153 kati ya hizo zilinaswa bila ya kifaa kuitwa. Humo mlikuwa na mazungumzo ya chumbani, ya wazazi na watoto wao, na ya simu za kikazi. Google ilieleza kwamba wataalamu wake husikiliza kiasi cha asilimia 0.2 tu ya rekodi. Mwezi huo huo gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kwamba vibarua waliosikiliza rekodi za Siri walikuwa wakisikia hata habari za wagonjwa na madaktari wao. Apple iliisimamisha kazi hiyo, ikaomba radhi Agosti 2019, na mwanzoni mwa 2025 ikajulikana kwamba imekubali kulipa dola milioni 95 kuimaliza kesi iliyohusu mambo hayo, pasipo kukiri kosa.

Hapa Kenya hatuna sababu ya kudhani kwamba kazi ya namna hiyo iko mbali nasi. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya kutisha ili kuufunza mtambo wa mazungumzo wa kampuni ya OpenAI. Hayo yalikuwa maandishi, si sauti. Lakini yanatufundisha kwamba nyuma ya kila mashine iitwayo erevu pana mtu ameketi, mwenye macho na masikio, ambaye ana majirani na jamaa zake.

Pili, kifaa chaweza kukosea kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Mwaka 2018, mjini Portland nchini Marekani, mke na mume walikuwa wakizungumza nyumbani kwao juu ya sakafu za mbao. Spika yao ilidhani imeitwa, ikadhani imeagizwa kupeleka ujumbe, ikadhani imetajiwa jina la mpokeaji, kisha ikayapeleka mazungumzo hayo kwa mfanyakazi wa yule bwana aliyekuwa mji mwingine. Ilikuwa bahati yao kwamba yalihusu sakafu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi ulimi waweza kukaa kimya na kifaa kikajikwaa kwa niaba yake.

Nasi tuna sababu ya ziada ya kuhofia kusikiwa vibaya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijaribu mitambo ya kampuni tano kubwa, na wakakuta kwamba iliyakosea maneno ya Wamarekani weusi kwa asilimia 35, na ya wazungu kwa asilimia 19. Ikiwa mtambo unamkosea hivyo mtu aliyezaliwa na Kiingereza kinywani, utamwelewaje mzee wa Lugulu anayechanganya Lubukusu, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja?

Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi kama mwalimu, kuna watoto. Mnamo Mei 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuhifadhi rekodi za sauti za watoto bila kikomo na kwa kutozifuta ipasavyo hata wazazi walipoomba. Kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25. Na bado, mnamo Machi 28, 2025, iliondoa kipengele kilichowawezesha baadhi ya wenye spika zake nchini Marekani kuzuia rekodi zao zisitoke nyumbani. Kinachoruhusiwa leo katika mipangilio chaweza kuondolewa kesho, na si wewe utakayeamua.

Zamani za minong'ono

Sisi tuliokuwa tumekwisha kushika chaki kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 tunajua maana ya kuishi na masikio yasiyoonekana. Katika miaka ile, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, mtu alikitazama kiti cha jirani kabla ya kufungua kinywa. Kulikuwa na polisi wa siri, kulikuwa na vyumba vya mateso chini ya jumba la Nyayo jijini Nairobi, na Mahakama Kuu imekwisha kuwaamulia fidia baadhi ya waliopitia humo. Katika vyumba vya walimu tulinong'ona.

Sitaki kuvilinganisha vifaa vya leo na unyama wa wakati ule. Spika haimpigi mtu. Lakini tofauti moja inafaa kutajwa kwa wanafunzi ambao hawakuiona miaka hiyo. Sikio la wakati ule lililetwa na serikali, nasi tulilijua kuwa ni adui, kwa hiyo tulijihadhari. Sikio la leo tunalinunua wenyewe kwa fedha zetu, tunalitia umeme kila usiku, na tunaliita msaidizi. Kwa kuwa halitutishi, hatujihadhari nalo.

Isitoshe, nyumba ya Kiafrika haikuwa chumba kimoja cha kusikia. Yako yanayosemwa mbele ya watoto na yanayosubiri walale. Yako ya wanawake jikoni, na ya wazee uani. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kutengana, kila mmoja akaujua mpaka wake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, walisema wazee, na kata haikuwa ikitoka jikoni. Kifaa hiki hakina mipaka hiyo. Kwacho sauti ya nyanya anayeeleza maradhi yake, ya msichana wa kazi anayelia kwa kufiwa, na ya baba anayeagiza wimbo, zote ni sauti tu.

Sheria na mlango wa nyumba

Je, sheria yetu inasemaje? Inasema mengi mazuri. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha: nyumba yake isipekuliwe, habari za jamaa yake zisitakwe wala kufichuliwa bila sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Data, iliyotiwa saini mnamo Novemba 2019, ambayo inazitaja habari zitokanazo na utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole na chembechembe za ukoo kuwa miongoni mwa habari nyeti. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwaje, kuziona, kuzisahihisha, na kutaka zifutwe zikiwa hazipaswi kuwekwa. Habari za mtoto hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi wake, tena kwa namna inayozilinda haki na maslahi yake.

Wala si maneno matupu. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitangaza kuitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi pasipo idhini ya wazazi. Walimu wakuu wengi walishtuka siku ile. Ikiwa picha ya mtoto ina mwenyewe, sauti yake haina?

Lakini sheria hiyo hiyo haigusi mambo ambayo mtu anayafanya kwa ajili yake mwenyewe au ya nyumba yake tu. Yaani kampuni inabanwa, lakini baba aliyeiweka spika sebuleni, au shangazi aliyeiacha simu yake mezani, habanwi na kitu. Ruhusa huombwa kwake peke yake. Anabonyeza neno "Nakubali" chini ya maelezo marefu asiyoyasoma, kwa Kiingereza cha mawakili, na kwa kidole hicho kimoja amewakubalia mkewe, wanawe, mama yake, msichana wa kazi, jirani aliyekuja kuomba chumvi, na mwalimu aliyekuja kuzungumzia maendeleo ya mtoto.

Hilo ndilo jambo ninaloliona kuwa zito kupita yote. Mwenye kifaa ana hiari yake, nami sina ugomvi naye. Mwenye kudhulumiwa ni yule ambaye hakuulizwa. Na serikali haiwezi kumweka askari katika kila sebule kumlinda huyo, wala tusingependa imweke. Mahali hapo sheria inaishia, na desturi ndiyo inayopaswa kuishika kazi.

Sauti ni ufunguo

Pengine mtu atasema: mimi sina siri, nisikilizwe tu. Namjibu kwamba sauti si maneno pekee. Sauti ni mtu mwenyewe. Kampuni ya Safaricom ina huduma iitwayo Jitambulishe, ambayo mteja hurekodi sauti yake ili imtambulishe anapohitaji msaada, kama vile kurudishiwa namba ya siri. Maana yake ni kwamba sauti imekwisha kuwa ufunguo, mithili ya ule wa mlango.

Na ufunguo huo sasa waweza kuchongwa. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mkuu wa kampuni moja ya nishati nchini Uingereza alihamisha euro 220,000 akiamini anaagizwa kwa simu na mkubwa wake, kumbe sauti ile ilikuwa imeigizwa na kompyuta. Mnamo Januari 2023 Microsoft ilionyesha mtambo unaoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kwa sekunde tatu. Sisi Wakenya tumezoea ujumbe wa matapeli wa "tuma kwa namba hii", na wengi wetu tumejifunza kuupuuza. Je, mzazi wa Lugulu ataupuuza vipi siku atakapopigiwa simu akaisikia sauti ya binti yake aliye bweni, akilia kwamba anahitaji fedha za matibabu saa hiyo hiyo? Sisemi kwamba kila rekodi ya msaidizi wa sauti itawaangukia matapeli. Nasema kwamba kitu chenye thamani ya ufunguo hakiachwi kizagae.

Faida zipo

Nisieleweke kwamba napinga maendeleo. Kipofu aliyesaidiwa na simu kusomewa barua yake hawezi kuambiwa aitupe. Nyanya asiyejua kusoma, mkulima ambaye mikono yake imejaa udongo, mtu aliyepooza anayewasha taa kwa kusema tu, hao wote wamepewa kitu ambacho hawakuwa nacho. Na lugha yetu, isipozungumzwa na mashine hizi, itaachwa nyuma na watoto wataiona kuwa lugha ya zamani.

Tena uko ushahidi kwamba sauti zaweza kukusanywa kwa adabu. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, watu wa hiari wamekuwa wakisoma sentensi za Kiswahili na kuzitoa sauti zao ili mashine zijifunze. Mtu hujua anachokisoma, hujua kwa nini anarekodiwa, na asipotaka haendi. Huko ndiko kubisha hodi. Kumbe inawezekana.

Tufanye nini?

Kwa walimu wenzangu nina mapendekezo machache yasiyohitaji bajeti. Mwanafunzi anapokuja kueleza shida yake, simu ya mwalimu ikae chumba kingine, si kifudifudi mezani. Vikao vya nidhamu, ambavyo majina ya watoto na makosa yao hutajwa, vifuate kanuni hiyo hiyo. Mwalimu asitumie msaidizi wa sauti kuandika ripoti ya mtoto kwa kuisema, hata kama ni kazi nyepesi kuliko kuandika kwa mkono. Na shule inayofikiria kununua kifaa chochote chenye maikrofoni iulize kwanza rekodi zinakwenda wapi, zinakaa huko kwa muda gani, na nani anaweza kuzifuta. Ikikosa jibu la maandishi, isinunue.

Kwa wanafunzi, ninyi ndio mafundi wa simu katika nyumba nyingi, maana mzazi akikwama huwaita. Basi utumieni ufundi huo. Fungueni mipangilio ya simu ya mama, mtazame ni programu zipi zilizopewa ruhusa ya maikrofoni, na mwondolee ruhusa hiyo kila programu isiyoihitaji. Programu ya tochi haina kazi na sauti. Zimeni kule kuitika kwa jina ikiwa hakuna anayekutumia. Tafuteni mahali rekodi za zamani zinapowekwa, mzifute mwenyewe akiwapo na akielewa mnachokifanya. Na mpatane na jamaa zenu neno moja la siri, la Lubukusu mkipenda, la kuulizwa kila inapopigwa simu ya kuomba fedha kwa haraka.

Mtaala wetu wa umilisi unautaja ujuzi wa dijitali miongoni mwa stadi saba za msingi. Ujuzi huo usiishie katika kubonyeza. Kifungu cha 31 cha Katiba kisomwe darasani, kwa Kiswahili, na wanafunzi wajadili mada hii: je, mwenye nyumba ana haki ya kumkubalia mgeni wake kurekodiwa? Nina hakika kwamba mjadala huo utawapeleka mbali kuliko insha nyingi tulizozoea kuwapa.

Na kwa sote tulio na vifaa hivi, kuna kanuni moja ambayo hakuna bunge litakaloitunga. Mgeni akiingia, mwambie: humu ndani kuna kifaa kinachosikia, ukitaka nitakizima. Maneno hayo hayachukui muda kuliko kumkaribisha kiti. Atakayesema "kiache tu" atakuwa amekubali mwenyewe, na atakayesema "tafadhali kizime" hatalazimika kueleza sababu. Tukiyazoea, watoto wetu watayachukua kama walivyochukua salamu, bila kukumbuka ni nani aliyewafundisha. Tusipoyazoea, utafika wakati ambapo mtu mwenye shida kubwa atakaa sebuleni kwa jirani yake, akanywa chai, akazungumzia mvua na bei ya mahindi, kisha akaondoka na shida yake kama alivyokuja nayo.